Habari za Maisha ya Mwalimu Aggrey wa Achimota

Wengi wetu tukaao Kagongwa na vijiji vyake tumepata kufika Dar es Salaam kwa ajili ya biashara. Mchele wetu huchukuliwa na malori, na wafanya biashara hurudi na nguo, vyombo, na vipuri vya mashine za kukobolea mpunga. Mtu aendaye Kariakoo kununua vitu hivyo hakosi kupita, au angalau kusikia, Mtaa wa Aggrey. Tena katika nchi yetu wako wanaume wengi waliopewa na wazazi wao jina la Aggrey. Lakini tukiuliza huyo Aggrey alikuwa nani, mara nyingi twajibiwa kwamba ni jina tu, kama majina mengine ya mitaa. Ndiyo sababu tumeona vema kuandika habari za maisha yake, ili walimu, wainjilisti na wazazi wazisome na kuwasimulia vijana.

Aggrey hakuwa mfalme, wala jemadari, wala tajiri. Alikuwa mwalimu. Zaidi ya miaka 20 alifundisha katika chuo kimoja kilicho katika mji mdogo, na wakati huo watu wa mbali hawakumjua. Baadaye akasafiri katika nchi nyingi za Afrika, na habari zake zikaenea. Sisi twataka kuonyesha kwamba ile miaka ya kwanza, asipojulikana, ndiyo iliyomfanya awe mtu wa kusikilizwa katika miaka ya mwisho.

Utoto wake

Jina lake zima ni James Emman Kwegyir Aggrey. Alizaliwa tarehe 18 Oktoba mwaka wa 1875 katika mji wa Anomabu, pwani ya nchi iliyoitwa zamani Gold Coast, maana yake Pwani ya Dhahabu, nayo tangu mwaka wa 1957 yaitwa Ghana. Sisi tukaao kati ya machimbo ya Kahama na Geita twaweza kufahamu upesi habari za nchi iliyopewa jina kwa ajili ya dhahabu yake. Dhahabu ndiyo iliyowavuta watu wa Ulaya kujenga ngome katika pwani ile, na ngome zile zile baadaye zikatumika kwa biashara ya watumwa. Kwa hiyo mtoto huyu alikua mahali ambapo kila siku aliona kwa macho yake kuta za ngome iliyowafunga watu wa nchi yake.

Kabila lake ni Wafante. Baba yake, Kodwo Kwegyir, alikuwa msemaji wa mfalme wa Anomabu, kazi ya heshima inayofanana na ile ya wazee wa baraza la mtemi huku kwetu. Msemaji hupokea maneno ya mfalme na kuyatoa kwa watu kwa lugha iliyopambika, tena huyapokea maneno ya watu na kuyafikisha mbele ya mfalme pasipo kumwudhi mtu. Yeyote atakayesoma habari hizi mpaka mwisho ataona ya kuwa mwana aliirithi kazi ya baba yake, ingawa kwa namna nyingine.

Mwaka wa 1883 mtoto alibatizwa akaitwa James. Akasoma katika shule ya misheni ya Kimethodisti katika mji wa Cape Coast, na mmisionari mmoja, Dennis Kemp, akamchukua kukaa nyumbani kwake pamoja na vijana wengine. Hata alipopata miaka 15 hivi alipelekwa kijijini kufundisha. Wainjilisti wetu wazee watakumbuka jinsi ilivyokuwa: kijana aliyetoka darasani jana apewa darasa leo, na siku ya Jumapili asimama kuwahubiri wazee waliomzidi umri mara tatu. Hakukata tamaa. Mchana alifundisha, usiku alisoma vitabu vyake mwenyewe, hata akarudi Cape Coast, na mwisho akawa mwalimu mkuu wa shule kubwa ya misheni mjini hapo. Alisaidia pia katika kazi ya kutafsiri Maandiko kwa Kifante.

Katika mwaka wa 1897 Serikali ya Kiingereza ilitaka kutoa sheria mpya ya ardhi, na watu wa nchi wakaogopa kwamba mashamba ya baba zao yatakuwa chini ya wageni. Wakaunda chama cha kutetea haki za wenyeji, na Aggrey akawasaidia katika kazi ya uandishi. Chama kiliwatuma wajumbe London, na sheria ile ikaondolewa mwaka wa 1898. Jambo hili twaomba msomaji aliweke moyoni, maana baadaye walikuwako watu waliosema kwamba Aggrey alikuwa mpole mno mbele ya Wazungu.

Ng'ambo ya bahari

Mwaka ule ule wa 1898 Aggrey alipanda merikebu kwenda Marekani. Askofu mmoja mweusi, John Bryan Small, mzaliwa wa kisiwa cha Barbados, alikuwa akitafuta vijana wa Afrika wapate elimu ya juu na kurudi kuwatumikia watu wao. Akamwita Aggrey aende Livingstone College, chuo cha kanisa la watu weusi katika mji wa Salisbury, jimbo la North Carolina. Chuo hicho kilipewa jina la David Livingstone, yule aliyekaa Kwihara karibu na Tabora mwaka wa 1872, safari ya siku chache tu kwa miguu kutoka huku kwetu. Hivyo kijana wa Afrika ya Magharibi alivuka bahari kusoma katika nyumba yenye jina la mtu aliyefia Afrika.

Mwaka wa 1902 alimaliza masomo yake kwa sifa kubwa, akapata shahada. Wengi walitazamia arudi nyumbani mara moja. Lakini chuo kilimwomba abaki kufundisha, naye akabaki. Akaoa huko mke, Rose Douglass, binti wa Virginia, wakapata watoto wanne. Mwaka wa 1903 alikuwa amekwisha kuwekewa mikono kuwa mchungaji.

Tusidhani kwamba maisha ya Salisbury yalikuwa mepesi. Mwaka wa 1900 jimbo la North Carolina lilikuwa limebadili sheria yake ili kuwanyima watu weusi haki ya kupiga kura. Katika magari ya moshi watu weusi walitengwa na weupe, na katika shule vivyo hivyo. Mwaka wa 1906, katika mji ule ule wa Salisbury, kundi kubwa la Wazungu walivunja gereza wakawatoa watu weusi 3 waliokuwa wakingoja hukumu, wakawatundika mtini wakafa. Aggrey alikuwa mwalimu katika mji huo. Kesho yake vijana weusi walimtazama mwalimu wao ili wajue wafanye nini na maisha yao. Mtu aishiye salama hawezi kupima kwa urahisi uzito wa kazi ya kuwafundisha vijana katika mahali pa namna hiyo, wasikate tamaa, wala wasijazwe na chuki itakayowaangamiza wenyewe.

Kazi yake chuoni ilikuwa nyingi. Alifundisha lugha za kale, Kiyunani na Kilatini, tena Kiingereza na masomo mengine, na juu ya hayo alishika daftari la kuandikisha wanafunzi na hesabu za fedha za chuo. Kazi hizi mbili za mwisho si za kusifiwa na watu, lakini ndizo zinazomkutanisha mwalimu na mwanafunzi asiye na ada. Ashikaye daftari ajua nani amelala na njaa, nani baba yake amekufa, na nani ataondoka kesho asipopata msaada. Mshahara wake mwenyewe ulikuwa mdogo, naye akafanya na kazi za gazeti ili kuwalisha watoto wake. Wakati wa likizo, badala ya kupumzika, alikwenda New York kusoma zaidi katika chuo kikuu cha Columbia. Alikuwa mtu mzima mwenye nyumba, akakubali kukaa tena darasani kama mwanafunzi. Hata binti yake Abna naye baadaye akawa mwalimu katika chuo kile kile cha Salisbury.

Mwalimu na wakulima

Sasa twafika penye jambo ambalo kwa sisi wa Kagongwa lina faida kuliko yote. Tangu mwaka wa 1914 Aggrey alipewa sharika mbili ndogo za mashambani kuzichunga, nje ya mji wa Salisbury, zilizoitwa Miller's Chapel na Sandy Ridge. Waumini wake walikuwa wakulima weusi, na wengi wao walilima pamba, kama wakulima wa Shinyanga. Wengi walilima juu ya ardhi ya mtu mwingine, wakimpa mwenye shamba sehemu ya mavuno.

Taabu yao ilikuwa hii. Wakati wa kupanda mkulima hakuwa na fedha. Akaenda kwa mwenye duka akakopa mbegu, mbolea, unga na nguo, naye mwenye duka akaandika bei ya juu kuliko ya fedha taslimu, akaweka rehani mazao yangali shambani. Hata siku ya mavuno, pamba yote ilikwenda kulipa deni, na mara nyingi deni halikuisha. Mwaka wa pili akaanza tena akiwa na deni la mwaka wa kwanza. Hivyo mtu ambaye babu yake alikuwa mtumwa kwa mnyororo, yeye akawa mtumwa kwa daftari la duka.

Je, si habari tuijuayo? Wako kwetu wanaouza mpunga ungali mbichi shambani, kwa sababu mtoto ni mgonjwa au ada ya shule imefika, na wakati wa kuvuna magunia huchukuliwa na mtu mwingine. Kwa hiyo tusome kwa makini alichofanya Aggrey.

Hakuwaambia wakulima wavumilie tu hata mbinguni. Alikuwa mtu wa chuo, mwenye kujua Kiyunani, lakini alikwenda kwao akakaa nao, akaona deni lao, akatafuta dawa. Mwaka wa 1915 jimbo la North Carolina lilitoa sheria ya kuruhusu vyama vya akiba na mikopo, na Aggrey akawasaidia wakulima wake kuanzisha vyama vya namna hiyo. Kazi ya chama ni rahisi kuieleza, ingawa ni ngumu kuitenda. Kila mtu aweka kidogo kidogo alichonacho. Fedha ya wote yakaa pamoja. Wakati wa kupanda mwanachama akopa humo kwa faida ndogo, anunua mbegu na mbolea kwa fedha taslimu kwa bei ya haki, na avunapo arudisha. Mazao yake yabaki yake. Leo kwetu vyama kama hivyo twaviita VICOBA na SACCOS, na wengi hudhani ni jambo jipya kabisa.

Aliwafundisha pia ukulima ulio bora, akawahimiza wale waliokuwa wapangaji wajitahidi kununua ardhi yao wenyewe. Aliona kwamba mtu asiye na deni hulipenda kanisa lake na shule yake kwa moyo mweupe, na kwamba mahubiri hayatoshi kwa mtu ambaye kila mwaka jasho lake lachukuliwa na mwingine.

Wanafunzi wake wa chuoni waliyaona haya yote. Twaamini ya kuwa hapo walijifunza kuliko walivyojifunza kwenye ubao. Maana mwanafunzi humtazama mwalimu wake atokapo darasani, aone aenda wapi.

Kurudi Afrika

Mwaka wa 1920 shirika moja la Marekani, liitwalo Phelps-Stokes Fund, lilituma tume ya watu kuangalia elimu katika Afrika. Kiongozi wake alikuwa Thomas Jesse Jones, naye Aggrey akachaguliwa kuwa mmoja wao, mweusi peke yake kati ya weupe. Wakapita Sierra Leone, Liberia, Gold Coast, Nigeria, Kongo, Angola na Afrika ya Kusini. Miaka 22 ilikuwa imepita tangu alipoondoka kwao.

Katika safari hiyo alihutubia watu wengi mno, weusi na weupe. Hapo ndipo ilipotokea kazi ya baba yake, ile ya msemaji. Aliweza kuwaambia Wazungu mambo magumu nao wakacheka, na usiku wasilale kwa kuyafikiri. Alizoea kutumia mfano wa kinanda, kwamba mtu akipiga vibao vyeupe peke yake atapata wimbo, na vyeusi peke yake atapata wimbo, lakini wimbo uliotimia wataka vyote viwili. Alisimulia pia habari za tai aliyelelewa pamoja na kuku akajidhania kuku, hata siku moja akageuzwa uso kulitazama jua, akaruka. Waafrika waliosikia hadithi hiyo hawakuhitaji kuelezwa maana yake.

Mwaka wa 1924 tume ya pili ilikuja pande zetu za Afrika ya Mashariki: Kenya, Uganda, Tanganyika, Unguja, na kuendelea kusini hata Nyasaland. Aggrey alikuwamo tena. Wakati huo nchi yetu ilikuwa imetoka vitani. Wamisionari wengi Wajerumani walikuwa wamekwisha kuondolewa, na katika sharika nyingi za Kilutheri walimu na wainjilisti Waafrika ndio walioshika madarasa na ibada peke yao, wengine pasipo mshahara. Kwa watu hao, kumwona Mwafrika mwenye elimu kuu akikaa meza moja na wajumbe wa Kizungu, tena akisikilizwa, lilikuwa jambo la kutia nguvu kuliko hotuba yoyote.

Tume iliandika kwamba elimu ya Afrika iangalie afya, ukulima, nyumba na maisha ya vijiji, isiwe ya vitabu tu. Mwaka wa 1925 ikafunguliwa Kabete, katika Kenya, shule ya Jeanes ya kufundisha walimu watakaozunguka vijijini kuzitembelea shule ndogo na kuzisaidia. Na katika Dar es Salaam habari za ukoo wa Sykes zasimulia kwamba Aggrey alikutana na kijana Kleist Sykes, akamhimiza Waafrika waungane katika chama chao. Mwaka wa 1929 chama cha African Association kikaanzishwa, Kleist Sykes akiwa katibu wake. Chama hicho ndicho kilichogeuka kuwa TANU tarehe 7 Julai mwaka wa 1954. Basi huenda ndiyo sababu jina la mgeni huyu likapewa mtaa wa Kariakoo.

Achimota

Aggrey aliombwa afundishe katika chuo cha Fort Hare cha Afrika ya Kusini, akakataa. Alichokubali ni wito wa nchi yake. Gavana Guggisberg wa Gold Coast alikuwa akijenga chuo kikubwa huko Achimota, karibu na Accra, kitakachomchukua mtoto tangu darasa la kwanza hata masomo ya chuo kikuu. Mkuu wake alikuwa A. G. Fraser, na Aggrey akawekwa kuwa msaidizi wa makamu wa mkuu. Mwishoni mwa mwaka wa 1924 akarudi kukaa kwao, baada ya miaka 26.

Hapa twaombwa tufikiri. Mtu aliyehutubia nchi nyingi za Afrika alipewa cheo cha tatu, chini ya Wazungu wawili. Wako waliomwambia ni aibu. Wako watu wa Gold Coast walioshuku chuo chenyewe, wakaogopa kwamba watoto wao watafundishwa jembe ili wasifike kwenye sheria na uganga. Aggrey alichukua mzigo wa kwenda mji kwa mji kuwaeleza wazee, na kwa ajili yake wengi waliamini. Alishindania pia wasichana wapokewe pamoja na wavulana, akisema kwamba ukimsomesha mwanamume umemsomesha mtu mmoja, lakini ukimsomesha mwanamke umeisomesha jamaa nzima. Jambo hilo likakubaliwa, na chuo kikaandikwa kuwa cha wote.

Chuo kilifunguliwa rasmi mwezi wa Januari mwaka wa 1927, na nishani yake ikatiwa vibao vyeusi na vyeupe vya kinanda, kwa ajili ya mfano ule wa Aggrey. Katika majengo ya Achimota ndimo kilimoanza chuo kikuu cha nchi ile mwaka wa 1948.

Miongoni mwa vijana waliokuwa wakisomea ualimu Accra wakati ule alikuwako mmoja aitwaye Kwame Nkrumah. Alimpenda Aggrey sana, lakini hakukubaliana naye kwa kila neno. Yeye aliona kwamba weusi na weupe hawawezi kupatana kweli kabla hawajawa sawa kwa cheo na mamlaka. Kinanda hakilii vema ikiwa vibao vyeusi vimefungwa. Twadhani Nkrumah alisema kweli. Upole wa Aggrey ulifungua milango mingi, lakini wako wakubwa walioufurahia kwa sababu haukuwadai kitu upesi. Hata hivyo mwalimu hapimwi kwa kuwa na wanafunzi wanaomwitikia kila asemalo. Nkrumah alijifunza kwa Aggrey kusimama wima na kufikiri, kisha akafikiri mbele kuliko mwalimu wake. Mwalimu mwenye wivu angechukizwa. Mwalimu wa kweli angeshukuru.

Kufa kwake, na matunda yake

Katikati ya mwaka wa 1927 Aggrey alisafiri tena kwenda Marekani, apate kumaliza kitabu chake cha shahada ya udaktari katika chuo cha Columbia. Alikuwa na miaka 51, amechoka kwa kazi. Alipofika New York hakukaa siku nyingi, akashikwa na homa ya uti wa mgongo, na tarehe 30 Julai mwaka wa 1927 akafariki katika hospitali ya Harlem. Kitabu hakikumalizika. Wakamchukua mpaka Salisbury, katika mji wa wanafunzi wake na wakulima wake, wakamzika huko.

Chuo cha Achimota kilikuwa hakijatimiza mwaka tangu kufunguliwa. Kwa macho ya watu mtu huyu alikufa mapema, na kazi yake mkononi. Nkrumah alipopata habari alihuzunika hata akashindwa kula kwa siku 3. Ndipo alipokusudia moyoni kwenda kusoma Marekani kama mwalimu wake. Akaenda mwaka wa 1935, na mwaka wa 1957 akaiongoza Ghana katika uhuru. Kijana mwingine, Nnamdi Azikiwe wa Nigeria, alimsikia Aggrey akihubiri Lagos mwaka wa 1920. Naye akaenda Marekani, akarudi, na baadaye akawa rais wa kwanza wa nchi yake. Jirani zetu wa Uganda nao walimpata Ernest Kalibala, aliyesoma Marekani, na aliporudi akaanzisha shule akaiita Aggrey Memorial.

Yatupasayo sisi

Wapendwa, tukitazama maisha haya tusiseme ya kuwa hayo ni ya watu wakuu wa zamani. Aggrey alianza kama mwalimu wa kijijini mwenye miaka 15. Akafundisha miaka 20 na zaidi mahali padogo, akishika daftari la ada, akiwachunga wakulima wa pamba wa sharika mbili. Lau kama angaliidharau kazi ile ndogo, hangalikuwa na neno la kuwaambia watu wa Lagos wala wa Dar es Salaam.

Huku kwetu vijana wetu wavutwa na mambo mengi. Mmoja aacha darasa aende machimboni, kwa kuwa amesikia kwamba fulani alipata dhahabu kwa siku moja. Mwingine afaulu, aende chuo kikuu, na tangu hapo hatumwoni tena isipokuwa katika mazishi. Wa kwanza tusimlaani. Tumtafute, kama mshika daftari amtafutavyo mwanafunzi asiye na ada. Wa pili tumkumbushe kwa upole ya kwamba elimu yake ni deni. Mpunga wa wazazi wake ndio uliouzwa apate kusoma. Akiwa amejifunza hesabu, na aje akikague kitabu cha chama cha akiba. Akiwa amejifunza uganga, na aje siku moja kutufundisha habari za maji safi. Akiwa amejifunza sheria, na atusomee mkataba wa mnunuzi wa mpunga kabla hatujatia sahihi.

Nanyi walimu na wainjilisti, msihuzunike mkiona darasa ni dogo na mshahara ni mdogo. Hamjui ni nani kati ya wale wanaokaa kwenye benchi la nyuma atakayelichukua neno lenu mbali kuliko ninyi, hata kulisahihisha mahali mlipokosea.

Na kila mfanya biashara wa Kagongwa atakayepita tena Kariakoo katika mtaa ule, akisharudi nyumbani na mizigo yake, na awaite watoto wake jioni awasimulie habari za mtu ambaye mtaa una jina lake.